Kipindi cha Kiswahili Kiende Redio Gani Uganda? UBC, CBS, Capital na Radio Pacis

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kukitumia kama lugha rasmi kwa kufuata agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo mwalimu anayetaka kufundisha watu wazima hewani, imamu wa Bombo, sako (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyabiashara wa mpakani, na shirika linalowahudumia wakimbizi wa Kongo waliopo katika makambi ya Nakivale au Kyangwali, wote wanaulizana jambo moja: kipindi chetu kiende redio gani? Nchi ina vituo zaidi ya 200, kila kimoja kina karatasi yake ya bei, na kila ofisi ya mauzo itakuambia kwamba yenyewe ndiyo inayosikilizwa kuliko zote.

Hapa ninalinganisha vituo vinne vyenye asili tofauti: redio ya taifa UBC, redio ya Ufalme wa Buganda CBS, Capital FM ya Kampala, na Radio Pacis ya Arua. Nitavigusa na vingine pale vinapoongeza jambo. Nashauri mtu aanze na historia ya kituo kabla ya kuuliza bei, kwa sababu ratiba hubadilika mwenye kituo anapobadili nia au mfadhili anapoondoka, lakini ile sababu iliyofanya kituo kianzishwe hukiandama miaka mingi, na ndiyo itakayoamua kipindi chako kipewe saa gani, kiheshimiwe kiasi gani, na kikatwe lini.

Redio ya taifa

Utangazaji wa redio Uganda ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwa miaka 40 hivi sauti ya serikali ilikuwa peke yake hewani. Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 kituo kilijulikana kama Radio Uganda, na kila aliyetwaa madaraka alikikimbilia. Tarehe 25 Januari 1971 wanajeshi walisoma hapo sababu 18 za kumpindua Milton Obote; tarehe 27 Julai 1985 Obote huyo huyo akapinduliwa tena na habari ikatoka kwenye mitambo hiyo hiyo; na Januari 1986 ikawa zamu ya NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni. Wananchi walijifunza kusikiliza kwa makini hata muziki uliopigwa, na yale ambayo hayakuweza kusemwa studioni yalipita mdomo kwa mdomo katika minong'ono ambayo Kampala nzima iliiita Radio Katwe.

Ukiishia hapo utadhani Radio Uganda ilikuwa chombo cha watawala tu, nami nadhani hilo ni kosa, kwa sababu kazi iliyoipa nafasi majumbani haikuwa hotuba bali matangazo ya vifo. Mtu alipofariki Kampala na ndugu zake wako Kitgum, Soroti na Kabale, familia ilimtuma kijana redioni na karatasi iliyoandikwa jina la marehemu, mahali mwili ulipo, siku na kijiji cha maziko, kisha orodha ndefu ya wanaotakiwa kupata habari: kaka mkubwa aliye polisi, shangazi aliyeolewa mbali, mkuu wa shule fulani, mzee wa ukoo. Karani aliipitia karatasi, akaitoza kwa urefu wake na kwa idadi ya mara itakazosomwa, na jioni nchi nzima ilinyamaza isikie kama kuna jina inalolijua. Simu za mkononi zimepunguza kazi hiyo bila kuimaliza, na karatasi za namna hiyo sasa hupelekwa kwenye vituo vya FM vya kila eneo. Kwa sababu hiyo, ukitaka kujua redio inayoaminiwa katika wilaya usiyoifahamu, usiulize ni ipi inayopendwa. Uliza watu wa huko hutangazia misiba yao wapi. Sijaona kipimo kinachofaa kuliko hicho, na hakigharimu chochote.

Sheria ya mwaka 2005 iliunganisha Radio Uganda na televisheni ya taifa iliyokuwapo tangu 1963, likazaliwa shirika la UBC. Nia ilikuwa kupata shirika la umma badala ya idara ya wizara, lakini fedha hazikulingana na nia, na shirika likaingia sokoni kwa kuendesha vituo vya FM vya kibiashara kama Star FM kwa Kiluganda na Magic FM kwa vijana. Mtu anayekwenda UBC ni lazima aseme anataka mlango upi, kwa kuwa idhaa za taifa na vituo hivyo vya FM havina wasikilizaji wale wale wala tabia ile ile.

Kwa kipindi cha Kiswahili, nguvu ya idhaa ya taifa ni kwamba inatangaza kwa lugha zaidi ya 20 na Kiswahili hakiingii humo kama mgeni. Taarifa ya habari ya Kiswahili ilisomwa Radio Uganda kabla ya vijana wengi wanaoendesha FM leo kuzaliwa. Udhaifu unatoka katika jambo hilo hilo: lugha zikiwa nyingi, kila moja hupata kipande kidogo cha siku, na msikilizaji asiyeijua saa ya lugha yake huzungusha kitufe akahamia kwingine. Kipindi chako hapo kitasikika mbali, lakini itabidi uwafundishe watu saa yake kwa miezi, misikitini, makanisani na kwenye vikundi vya simu, na ukihamishwa saa utaanza upya.

Redio za Kampala: Kiingereza na Kiluganda

Serikali iliporuhusu redio binafsi, Sanyu FM na Capital FM zilifungua njia kati ya mwisho wa 1993 na mwanzo wa 1994. Zilikuja na Kiingereza, muziki wa Marekani na Uingereza, na watangazaji waliozungumza na msikilizaji kama rafiki badala ya kumsomea waraka. Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana leo. Capital ilikuwa na Capital Doctor, kipindi kilichojibu maswali ya afya hewani wakati UKIMWI unaua watu kila mtaa, na Capital Gang ya Jumamosi asubuhi, ambako wanasiasa wa pande zinazopingana walikaa meza moja wakabishana. Mtu aliyekulia kwenye Radio Uganda hakuwahi kusikia waziri akikatizwa.

CBS ilizaliwa mwaka 1996, miaka mitatu baada ya falme kurudishwa na Ronald Muwenda Mutebi II kutawazwa kuwa Kabaka. Kituo kiko Bulange, makao ya Ufalme yaliyopo Mengo, kinasikika kwenye 88.8 na 89.2, na tangu siku ya kwanza kilizungumza Kiluganda kitupu. Wafanyabiashara wa matangazo waliokuwa wakiamini kwamba mwenye fedha husikiliza Kiingereza waliona mama muuza ndizi wa soko la Owino, fundi wa Katwe na mwenye shamba la kahawa wa Masaka wote wakifungua stesheni moja. Kipindi cha Entanda kiliwashindanisha watu katika mila, koo na methali za Buganda. Baadaye mpango wa PEWOSA uliwakusanya wasikilizaji katika vikundi vya kuweka akiba na kujiendeleza, jambo linaloonyesha kwamba redio hii huwahesabu wasikilizaji wake kama raia wa ufalme kabla ya kuwahesabu kama soko.

Vituo vya Kiingereza viliuona mwelekeo huo. Radio Two, ndugu ya Radio One, iligeuka kuwa Akaboozi na kuhamia Kiluganda. Wengine walibaki na lugha yao wakabadili jina na sura: Monitor FM ikawa KFM, na Vision Voice iliyoanza na mazungumzo mengi ikawa XFM ya muziki wa vijana. Anayenunua muda wa mwaka mzima aikumbuke mifano hii, kwa kuwa katika redio ya kibiashara jina la kituo, lugha na rika la wasikilizaji vinaweza kubadilika vyote kwa uamuzi wa kikao kimoja, na kipindi chako kikajikuta kati ya nyimbo zisizowahusu watu wako.

Miaka ya 2000 ilileta umbo jingine ambalo bado nalisikitikia: ebimeeza, mijadala ya hadhara iliyorushwa moja kwa moja kutoka kumbi na baa. Radio One ilikuwa na Ekimeeza pale Club Obligatto, na CBS ilikuwa na Mambo Bado. Mtu yeyote alijiandikisha, akapewa dakika zake, akasema mbele ya watu waliomjua na waliompinga. Septemba 2009, ghasia zilipozuka baada ya Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga, serikali ilifunga vituo vinne kwa mpigo: CBS, Akaboozi, Suubi FM na Radio Sapientia. Ebimeeza vilipigwa marufuku, mijadala ikarudi ndani ya studio, na sauti ya raia ikabaki kwa njia ya simu, ambayo mtangazaji anaweza kuikata. Vituo vingine vilifunguliwa mapema zaidi, lakini CBS ilikaa kimya tangu Septemba 2009 hadi Oktoba 2010, zaidi ya mwaka mzima.

Nikiviweka viwili hivi pamoja kwa ajili ya kipindi cha Kiswahili, Capital ni rahisi kuingia na CBS ni ngumu. Capital haina lugha ya ukoo ya kulinda, wasikilizaji wake vijana wanazijua nyimbo za Tanzania neno kwa neno, na kipindi kifupi chenye Kiswahili chepesi hakitamshangaza mtu. Hasara ni kwamba msikilizaji wa namna hiyo huja kwa ajili ya muziki, na dakika 30 za mazungumzo mazito zitampoteza. CBS, kwa upande wake, inalinda Kiluganda kwa makusudi, na katika Buganda Kiswahili kina kumbukumbu chungu: Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mwenye bunduki. Anayetaka kuwafikia watu wa Buganda kuhusu Kiswahili asiombe saa nzima ya Kiswahili Bulange. Aandae kipindi cha Kiluganda kinachofundisha Kiswahili kidogo kidogo, chenye mtangazaji ambaye wasikilizaji wanampenda tayari. Naamini kipindi cha namna hiyo kingefanya kazi kubwa kuliko matangazo yote ya serikali juu ya lugha hii.

Radio Pacis na redio za kaskazini

Arua ni mji ambao Kiswahili hakihitaji kutetewa. Kinatumika sokoni, stendi ya mabasi na mpakani na Kongo, kando ya Kilugbara, Kialur, Kikakwa na Kimadi. Radio Pacis ilianzishwa huko mwaka 2004 na Jimbo Katoliki la Arua chini ya Padri Tonino Pasolini, na mwaka 2007 ilipata tuzo ya BBC kwa redio mpya bora barani Afrika. Wao walilitatua tatizo la lugha nyingi kwa namna tofauti na redio ya taifa: badala ya kuzikatia lugha zote vipande vya siku moja, walitumia masafa zaidi ya moja, 90.9 na 94.5, wakazigawa lugha kati yake ili kila kundi lipate saa za kutosha. Katika eneo ambalo umeme wa kawaida ulikuwa wa mashaka kwa miaka mingi, kituo kiliwekeza katika umeme wa jua, na msikilizaji anaijua faida ya jambo hilo kila mji unapoingia giza na redio ikaendelea kusema.

Jirani yake katika nia, ingawa si katika umiliki, ni Mega FM ya Gulu, iliyoanza mwaka 2002 kwa msaada wa Uingereza wakati vita vya waasi wa LRA vinaendelea. Kipindi chake cha Dwog Cen Paco kiliwaleta studioni vijana waliotoroka msituni, wakawaambia wenzao kwa Kiacholi kwamba wamefika salama na hawakuuawa. Waliokuwa bado msituni walikuwa na redio ndogo na walisikiliza, na wapo waliorudi kwa sababu ya sauti walizozitambua. Mtu akikuambia redio ya mkoani ni daraja la pili, mtajie kipindi hicho.

Vituo vya namna hii havibadilishi umbo kwa kufuata upepo wa soko, na hilo ni jema kwa kipindi kinachohitaji miaka. Lakini vina masharti yao. Redio ya kanisa itauliza kipindi chako kinafundisha nini, na mahubiri ya dini nyingine hayatapata nafasi hata ukilipa. Afya, kilimo, elimu, haki za wakimbizi na masomo ya lugha hukaribishwa. Redio iliyojengwa kwa fedha za wafadhili nayo ichunguzwe: waulize nani analipa mishahara sasa, kwa kuwa vita vikiisha na mfadhili akiondoka, kituo hulazimika kuishi kwa matangazo, na ratiba huanza kufanana na ya mjini.

Usikivu na hatari ya kunyamazishwa

Mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka na kilima huyakata. Kwa hiyo minara ya Kampala imesimama vilimani kama Kololo na Naguru, na kituo kinachosikika safi Mukono kinaweza kupotea nyuma ya milima ya Kabale au Rwenzori. Masafa mafupi, yaliyotumiwa na Radio Uganda kwa miongo mingi, yalifika kila pembe kwa kelele na kufifia, na wasikilizaji wengi wameyaacha. Usikubali ramani ya ofisi ya mauzo pekee. Mtume mtu katika kijiji unachokikusudia akiwa na simu ya kawaida yenye redio, achomeke waya wa masikioni, maana ndio antena yake, kisha asikilize kwa saa ile ile unayotaka kuinunua, nje ya nyumba na ndani chini ya paa la bati.

Wapo wanaosema redio za intaneti zimemaliza hesabu hii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na kiredio cha betri aliendelea kupata habari. Intaneti itumike kuhifadhi vipindi na kuwafikia walio ng'ambo, lakini kwa Uganda isiwe mlango wa pekee.

Kuhusu kufungwa, hakuna kituo cha binafsi kilicho salama kabisa. KFM ilifungiwa Agosti 2005 kwa sababu ya kipindi cha mjadala, ikafungwa tena pamoja na Dembe FM Mei 2013 polisi walipozingira jengo la gazeti la Monitor kwa siku kumi. Redio ya taifa haitafungwa, ila kipindi chako huweza kusogezwa bila taarifa shughuli ya kitaifa inapoingia. Tofauti ni hii: katika UBC utapoteza wiki, katika kituo cha mijadala unaweza kupoteza mwaka. Andika katika mkataba kwamba muda usiotumika urudishwe au ulipwe, tena taja neno kwa neno kituo kufungwa na mamlaka, kwa kuwa mikataba mingi hutaja hitilafu ya mitambo tu.

Uchaguzi kwa kila hali

Kwa masomo ya Kiswahili yanayokusudiwa nchi nzima, ningechagua idhaa ya taifa ya UBC, nusu saa kila wiki kwa saa isiyobadilika, hata kama wasikilizaji wa mwanzo watakuwa wachache. Kwa Buganda, CBS kwa mpango wa Kiluganda nilioueleza. Kwa kampeni fupi ya vijana wa Kampala, sema mwezi mmoja kuhusu mitihani au afya, Capital inafaa na CBS haifai. Kwa Nile Magharibi, yaani eneo la Arua, pamoja na makambi kama Bidibidi ambako wakimbizi wa Sudan Kusini wanazungumza Kiarabu cha Juba na baadhi yao Kiswahili, Radio Pacis ndiyo ya kwanza kubishiwa hodi.

Wakongo wa Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja hawafikiwi vizuri na kimojawapo cha vituo hivi vinne isipokuwa UBC. Huko afadhali kituo kidogo cha Mbarara au Fort Portal kilicho karibu, na mtangazaji awe Mkongo, kwa sababu Kiswahili cha Bukavu kina lafudhi na maneno yake, na mkimbizi aliyechoka hutega sikio haraka zaidi akisikia mtu wa kwao.

Malaba na Busia, miji ya mpakani na Kenya, ni habari nyingine kabisa. Pale masikio yamezoea Radio Taifa na Radio Citizen za Kenya, zenye Kiswahili asubuhi hadi usiku, na kipindi cha nusu saa kutoka Kampala hakitawashinda kwa ufasaha wala kwa muziki. Kinachoweza kuwashinda ni habari ambazo Nairobi haina haja nazo: bei za soko la Busia upande wa Uganda, foleni ya malori, ushuru uliobadilika wiki hii, na jina la aliyefariki na kijiji atakakozikwa. Kwa sako ya mpakani, basi, nisingenunua muda katika redio yoyote kati ya hizi kubwa. Ningetafuta kituo cha Tororo au Busia ambacho wanachama wenyewe hukipelekea karatasi zao za misiba, nikaomba dakika 15 mara tu baada ya matangazo hayo, wakati kila mtu bado ametega sikio.